Baruti Niliyompimia Mdogo Wangu

Kabla sijawa mpanga maboksi katika ghala moja la South End, Louisville, huku Amerika, nilikuwa mpimaji wa posho katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kazi hiyo sikuipata kwa kuombaomba. Walinichagua kwa sababu ya mkono. Ningeweza kuchota unga mara mia, na kopo la mia lingekuwa sawa na la kwanza. Sheria ilikuwa kopo la kukatwa: unachota, unapitisha kijiti juu, unga uliozidi unarudi guniani. Lakini watu walinyoosha mifuko yao wakisema, "Nyongeza, kaka," na mpimaji mwenye utu alijua la kufanya. Kijiti kilipita juu juu tu, kopo likabaki na kilima kidogo, na mama wa watu akaondoka na uso wa mtu aliyeheshimiwa. Kwetu sisi, kumpimia mtu kopo la kukatwa bila kumwongezea chochote ni kumwambia kwamba hamjuani.

Naanza na hilo kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza sikulifanya kwa kutojua baruti. Baruti nilifundishwa, tena vizuri.

Mwalimu wangu alikuwa Mzungu mmoja mzee tuliyefanya naye kazi ghalani, mwendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu. Ilikuwa miaka ile risasi za bastola zilipoadimika. Ukienda dukani unakuta rafu tupu na karatasi iliyobandikwa: kila mteja boksi moja. Mzee hakuhangaika. Alitengeneza zake mwenyewe gerejini kwake, na siku moja, sijui aliona nini kwangu, akanialika nije Jumamosi asubuhi nimwone. Mke wangu alikasirika. "Tumekimbia risasi nchi mbili," alisema, "leo wewe unakwenda kuzipika?" Nilikwenda hata hivyo. Nilipenda ile kazi, huo ndio ukweli. Nilipenda meza safi, vitu vidogo vinavyotaka utulivu, na kufundishwa na mtu asiyenipigia kelele.

Vichwa vya risasi tulivimimina wenyewe. Madini yake tuliyapata kwa fundi matairi, Mkongomani wa mtaani kwetu, aliyetuwekea ndoo ya vile vipande vinavyopachikwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Kila kipande tulikibana kwa koleo kwanza. Kikikubali jino la koleo ni risasi yenyewe, ile madini laini, kikigoma ni zinki, na zinki ikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia inaharibu chungu kizima. Kichwa kikiwa laini mno kinaacha uchafu ndani ya mtutu, kikiwa kigumu mno hakikai sawa humo ndani. Mzee alikwaruza kila mmiminiko kwa ukucha, akasikiliza, akatikisa kichwa au akakubali. Chochote chenye mkunjo au kona butu kilirudi motoni. Katika mambo hayo nilikuwa hodari kuliko yeye, na alisema hivyo mbele ya wenzetu kazini. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kwenye baruti ndiko alikokuwa mkali. Alinichagulia moja tu, yenye chembe kubwa nyepesi, inayojaza ganda la risasi karibu lote. Akanieleza sababu: ukijisahau ukatia mara mbili, itamwagika mezani, utaiona. "Ni baruti inayokusamehe," aliniambia. Alinitengenezea kijiko chake kwa ganda kuukuu lililounganishwa na waya. Unachota, unapitisha kadi ya plastiki juu, unamimina. Kila ganda la kumi unapima kwenye mizani. Mezani kopo moja tu la baruti, lingine lolote likae kabatini.

Mkono wangu ulikwisha fundishwa miaka mingi kabla yake. Mara nyingi kadi ilipita juu juu na kijiko kikabaki na kilima. Mzee alinikaripia mara mbili. Mimi nilicheka moyoni, kwa sababu mizani ilikuwa ikionyesha tofauti ndogo sana, na zile risasi zilipiga vizuri tu. Niliona anapenda sheria kuliko kazi yenyewe.

Kisha baruti yetu ikaisha, na dukani haikuwapo. Tulizunguka Louisville yote. Mwishoni mzee akapata kopo la aina nyingine, laini kama chumvi, nzito mkononi. Alisoma kitabu chake jioni nzima kabla ya kuifungua. Akanitengenezea kijiko kipya, kidogo sana, nusu ya kile cha kwanza. Akanishika bega. "Hii haikusamehe," alisema. "Ukitia mara mbili, ganda halitajaa. Hutaona kitu." Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa. Sikuwa nimepanga kutia mara mbili.

Wiki ile mdogo wangu alikuja kututembelea kutoka Buffalo. Anaishi mtaa wa Riverside, na wakati huo alikuwa mlinzi asiye na silaha kwenye kiwanda kimoja Tonawanda, jirani na hapo. Alikuwa amepata nafasi ya kupanda: mlinzi mwenye bastola, zamu za mchana, mshahara wa kumwezesha kumleta mchumba wake. Kibali alikuwa nacho, na bastola ya silinda, ile inayozungusha risasi sita, aliinunua ikiwa imetumika. Kilichobaki ni mtihani wa shabaha siku ya Jumatatu. Mazoezi hakuwa nayo, kwa sababu risasi za kununua hazikupatikana. Huyu ndiye mtoto niliyembeba mgongoni tulipovuka kuingia Tanzania, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Angeniomba figo ningempa, sembuse risasi hamsini.

Jumatano mzee alikuwa kwa daktari wa mgongo, akaniachia ufunguo wa gereji. Nilikwenda na mdogo wangu. Nilipima kijiko cha kwanza kwa mizani, kikawa sawasawa. Nikaanza kujaza. Yeye alisimama upande wa pili wa meza akiangalia mikono yangu, na baada ya maganda machache akacheka.

"Kaka, na mimi unanikatia kama wale wa foleni?"

"Unataka nini wewe?"

"Nyongeza. Au huku Amerika ndugu hana nyongeza?"

Nilicheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka. Toka hapo kadi ilipita juu juu, na sikurudi tena kwenye mizani, kwa sababu mpimaji hajikagui mbele ya mdogo wake. Yalikuwa maganda hamsini, na karibu yote yalipata kilima. Alhamisi akaondoka nayo kwenye boksi la plastiki, akapitia Columbus kwa dada yetu, akisema Jumamosi atakwenda Buffalo moja kwa moja.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mimi na mzee tulikuwa gerejini kama kawaida. Nilichota, nikapitisha kadi, na kabla sijamimina mzee akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kunigusa hivyo.

"Rudia," alisema.

Nikarudia vilevile. Akaninyang'anya kijiko, akakimimina kwenye mizani, akaisoma. Kisha akageuza kitabu nikisome mwenyewe, kidole chake kikiwa chini ya kiwango cha juu kabisa. Kijiko changu kilikuwa kimekipita kiwango hicho, tena si kwa kidogo. Kwenye kijiko kikubwa cha baruti nyepesi, kilima si kitu. Kwenye kijiko kidogo cha baruti nzito, kilima ni karibu nusu ya kijiko.

"Umetengeneza ngapi hivi?"

"Hamsini."

"Ziko wapi?"

Nilikuwa tayari nimetoa simu.

Simu ya mdogo wangu haikuita hata mara moja. Nikapiga tena, nikapiga tena, ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona asubuhi ile ukutani sebuleni kwangu: chaja yake. Simu yake ilikuwa ya zamani, na hakuna aliyebaki na chaja ya aina ile. Dada yetu huko Columbus anahudumia wazee, na akiwa zamu simu hukaa kwenye kabati. Mumewe, shemeji yangu, hakupokea. Mzee aliniuliza bastola ni ya aina gani, nikamwambia. Alisema inaweza kuvumilia chache. Inaweza pia isivumilie hata moja. Silinda ikipasuka, alisema, inapasukia karibu na uso. Alisema polepole ili nielewe Kiingereza chake, na nilielewa kila neno.

Nilimpigia mke wangu nikiwa barabarani. Akasema, "Endesha. Mimi nitaendelea kumpigia." Hakunikumbusha alichowahi kusema, na hilo liliniuma kuliko kama angenikumbusha.

Kutoka Louisville hadi Columbus niliendesha kwa saa tatu na kidogo, na sikumbuki hata kijiji kimoja nilichopita. Nilikuwa na hasira. Kwanza nilimkasirikia mdogo wangu na simu yake ya kijinga. Kisha mzee, kwa nini aniachie ufunguo. Kisha mtengenezaji wa baruti, kwa nini atengeneze kitu kisichosamehe. Nilipomaliza wote nikabaki peke yangu ndani ya gari.

Shemeji alifungua mlango akiwa na mtoto begani na kitambaa cha maziwa shingoni.

"Shemeji! Mbona bila kusema? Simu yangu mtoto ameitumbukiza kwenye maji, usione sikupokea."

"Yuko wapi?"

"Alitoka saa mbili. Amebeba chapati, anasema anawahi, saa kumi ana mazoezi na wenzake wa kazini." Akanitazama vizuri. "Kuna msiba?"

"Bado," nilisema.

Alitaka nikae ninywe chai. Nilikwisha geuka. Ilikuwa saa nne kasoro, mdogo wangu yuko mbele yangu kwa saa mbili, na mbele kulikuwa na safari ya saa tano. Nilipiga hesabu ile njia nzima na kila mara ilitoka vilevile: nitafika saa tisa, yeye saa saba. Nitafika kabla ya saa kumi kama hakuna ajali, kama hakuna matengenezo ya barabara, kama askari hanisimamishi. Niliendesha kwa mwendo ambao askari yeyote angenisimamisha, kisha nikaogopa kusimamishwa nikapunguza, kisha nikaogopa kuchelewa nikaongeza. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa.

Baada ya Cleveland nilifikiria kuwapigia polisi wa Buffalo. Niliishika simu. Nikajiambia, utasema nini? Kwamba kuna kijana mweusi, ana bastola, mwendeeni haraka? Mtu atakayeipokea ile simu atasikia maneno matatu tu, na watu watakaotumwa watafika wakiwa na matatu hayo kichwani. Nilirudisha simu kwenye kiti. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilikuwa nimemtengenezea hatari hamsini, sikutaka kumpelekea nyingine kwa mkono wangu.

Mahali barabara inapopita kando ya ziwa, magari yalisimama. Lori lilikuwa limelala, njia moja tu imefunguliwa. Dakika arobaini nilikaa pale nikisogea urefu wa gari moja moja, na nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu kambini: nilisali kwa sauti, kwa Kirundi, nikigonga usukani. Mwanamke kwenye gari la jirani alinitazama akapandisha kioo. Nilimwomba Mungu aharibu bastola. Nilimwomba mvua. Nilimwomba wenzake wa kazini wachelewe, wagombane, wakose mafuta. Niliwaombea watu nisiowajua kila aina ya usumbufu.

Nyumbani kwake Riverside gari halikuwapo. Jirani yake, mama mmoja Mkongomani, alikuwa kwenye ngazi akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Eh papa, karibu! Ule ndugu yako alishatoka, hata nusu saa haiyapite."

"Amekwenda wapi, mama?"

"Bon, alikuya, akakula kidogo, akabeba sac yake. Anasema anaenda kule banapigaka shabaha, nyuma ya ma-usine ya Tonawanda. Donc unafuata mto, unapita reli, utaona bendera nyekundu." Alisimama, majani yakamwanguka mapajani. "Juu ya nini uko na haraka hivi? Kuko mtu alikufa?"

Nilikimbia kuelekea huko viwandani bila kumjibu, mimi niliyelelewa kutompita mtu mzima bila kuaga. Saa ya gari ilisema saa kumi kasoro dakika tano.

Bendera niliiona. Nilisikia milio kabla ya kuiona. Milio mingi, ya bunduki mbalimbali, mingine mizito mingine myepesi, na sikuwa na njia ya kujua upi ni wake. Niliacha mlango wa gari wazi. Langoni mtu mnene mwenye kizibao cha rangi ya machungwa alinyoosha mikono akanizuia, akinionyesha masikio yake, akinionyesha ubao wa sheria. Nilimsukuma. Sikuwa nimewahi kumsukuma Mzungu tangu nije nchi hii. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kibovu, "Ndugu yangu, risasi mbaya, mimi nimetengeneza," na sijui ni kitu gani alichokiona usoni kwangu, lakini alipuliza filimbi, na uwanja mzima ukanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa meza ya mwisho. Alikuwa amesimama. Mikono yake miwili ilikuwa mahali pake, macho yake yalikuwa mahali pake. Niliyahesabu hayo kabla ya kupumua. Alikuwa ameiweka bastola mezani na ameshika kipande cha mti, anajaribu kugonga silinda ifunguke. Kifundo chake cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba.

Aliponiona hakushtuka kama nilivyotarajia. Alitabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyekutwa na daftari chafu.

"Kaka! Umekuja kuniangalia? Usiniangalie leo. Nimepiga sita tu, ona." Akanionyesha karatasi ya shabaha. Matundu mawili yalikuwa pembeni kabisa, mengine hayakuwapo. "Na maganda yamekwama, silinda haitaki kufunguka. Nadhani nimeiharibu."

Nililichukua lile boksi la plastiki. Zilikuwa zimebaki arobaini na nne. Nililishika kwa mikono miwili kifuani na nikashindwa kulitua.

Mtu wa kizibao aliitazama bastola, akapitisha kidole juu ya silinda, akatuonyesha: ufa mwembamba, urefu wa ukucha. Akauliza kwa upole ni nani aliyepima baruti. Nikasema ni mimi. Nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia kwa Kirundi, ili nisijifiche nyuma ya lugha ya watu: nilikosea, zote nilizijaza kupita kiasi, ungekufa, na ningekuwa nimekuua mimi.

Alikaa kwenye benchi. Alikiangalia kile kifundo cha mkono, akakigeuza, akakigeuza tena. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Ya kwanza iliniuma mpaka nikaona nyota," alisema. "Wenzangu wakaniuliza kama ziko salama. Nikawaambia ziko salama, ni mimi tu mwoga." Aliitazama bastola pale mezani. "Kaka, hata silinda ilipokwama sikuzishuku risasi zako. Nilikuwa natafuta njia ya kuifungua, nizipige zote."